Kinachofukuza watu kanisani si simu

Kwa Mhariri,

Salamu kwako na kwa wote wanaosoma gazeti hili huku Goma na kule Bukavu ng'ambo ya ziwa. Nimesoma barua ya ndugu mmoja aliyesema eti vijana wetu wakishapata intaneti ya kutosha na masomo ya sayansi, miaka hamsini tu makanisa yatabaki depo za saruji kama Ulaya. Niliikata ile barua nikaiweka kwenye meza yangu ya kazi wiki nzima juu haikunitoka kichwani. Mi natengeneza simu hapa mtaani Birere, huu mwaka wa 11, na Jumapili naimba kwaya, hivi vitu viwili naviishi kila siku, kwa hiyo naomba nafasi nimjibu.

Kwanza aje akae kwenye kibanda changu siku moja aone simu za watu zimejaa nini. Mteja analeta simu inakwama, naangalia, memori imejaa, namwambia mama tufute kitu, na vitu vyenyewe ni nini? Mahubiri, nyimbo za kwaya, video za kesha, audio za maombi ya saa kumi na moja asubuhi za grupu ya WhatsApp, na hakuna hata moja anataka ifutwe, bora nifute picha za harusi ya shemeji. Jirani yangu wa kushoto ni Muislamu, anauza chaja na kava, simu yake ndiyo inamuadhinia saa za swala na mshale wa kibla umo humo humo. Na mabenki yalipofungwa hapa mjini mwanzoni mwa 2025, hata zaka na sadaka zikawa zinatumwa kwa simu. Sasa hapo teknolojia imeua nini?

Mwaka jana mama mmoja aliniletea simu iliyoanguka kwenye beseni la maji. Namuuliza unataka nikuokolee namba? Hapana. Picha? Akasema picha zikija sawa, zisipokuja pia sawa. Alichotaka ni audio moja ya bwana yake, marehemu sasa, alimtumia akiwa safarini, anamuombea kabla mama hajaingia operesheni. Nilifungua simu, nikasafisha bodi kwa alkoli na mswaki, nikakausha, siku ya tatu ikawaka dakika chache nikaitoa ile audio. Dakika 1 na sekunde 40. Akaisikiliza pale pale amesimama, simu kwenye sikio moja, kidole kwenye sikio lingine juu ya kelele za Birere, na mwisho akasema Amina kwa sauti, kama anamjibu. Mi ni fundi, najua audio ni nini, ni namba zimeandikwa kwenye memori, zinaweza kuhamishwa na zinaweza kuharibika. Lakini nikisema ni namba tu bado sijaeleza kile alichobeba yule mama kurudi nyumbani.

Kuhusu Ulaya, sikatai, kule makanisa mengi yamepungukiwa watu, hata wamisionari wazee waliorudi kwao wanasimulia. Ila angalia Marekani, nchi ya simu na kompyuta na roketi, bado watu wanasali kuliko Wafaransa, na Korea ya Kusini wanatengeneza simu za dunia nzima na wana makanisa makubwa ajabu. Kwa hiyo kama ni mashini ndizo zinazofuta dini, mbona hazijafanya kazi sawa kila mahali? Wengine wanasema Mzungu ameacha kanisa juu ana pensheni, ana bima, mtoto wake haumwi malaria, hana cha kuomba. Inawezekana, na inaniumiza kidogo, juu ina maana imani yetu sisi ni umasikini tu, tukipata barabara na umeme tutaiacha. Nimelifikiria sana hili swali. Mi najibu kwamba yule mama hakuja kuomba mchele. Hata mtu mwenye pensheni anafiwa na mume.

Halafu nani alisema sayansi na dini ni maadui tangu zamani? Rudini kwenye historia ya nchi yetu wenyewe. Reakta ya kwanza ya nyuklia katika Afrika nzima iliwashwa hapa Kongo mwaka 1959, pale Léopoldville, Kinshasa ya leo, kwenye chuo kikuu cha Lovanium, chuo cha Kikatoliki, na rekta, yaani mkuu wa chuo, aliyehangaika mpaka ikaja alikuwa padri, Monsinyori Luc Gillon, mtu wa fizikia. Yule aliyeandika kwamba ulimwengu unatanuka na ulianza kutoka kwenye kitu kidogo sana kama atomu, Georges Lemaître wa Ubelgiji, naye padri. Na kitu ninachompendea ni hiki, mwaka 1951 Papa Pius wa 12 alipotaka kuonyesha kwamba hesabu hizo zinathibitisha uumbaji, padri mwenyewe hakufurahi, aliona fizikia ibaki fizikia na imani ibaki imani, zisichanganywe. Na hapa karibu, Bukavu, daktari Mukwege ambaye alifungua hospitali ya Panzi mwaka 1999 na kupata tuzo ya amani ya Nobel 2018, ni mchungaji pia. Mkono ule ule unashona mgonjwa na unashika Biblia, na hajaona shida.

Lakini kuna kitu namkubalia ndugu yetu, watu wanaondoka, hilo kweli. Mi namjua mmoja na ni wa damu yangu, na si intaneti iliyomtoa.

Mdogo wetu wa kike, mtoto wa mama mdogo, alikuwa na sukari, ile ya kuanza utotoni, ya kuchomwa insulini kila siku. Miaka 19. Aliingia chumba kimoja cha maombi, jina silitaji, wakamwambia sindano ni kukosa imani, afunge siku tatu bila kula na bila kuchoma. Alikuwa na kamashini kake kadogo ka kupima sukari, mi ndiye niliyekuwa nakabadilishia betri. Kaka yake alimfuata huko siku ya pili, akamtoboa kidole, akaweka tone la damu, kamashini hakakutoa namba, kakaandika herufi mbili tu, HI, yaani sukari imepita mahali ambapo mashini inaweza kuhesabu. Akamuonyesha kiongozi wa maombi. Yule akakaangalia akasema hizo ni vitisho vya adui, kaweke mfukoni. Dada alikuwa anahema kwa nguvu kama amekimbia, mdomo unanukia kama ndizi zilizoiva kupita kiasi. Muuguzi alitueleza baadaye, insulini ikikosekana mwili unaanza kuunguza mafuta yake wenyewe na asidi inajaa kwenye damu, ndiyo maana ya ile harufu na ile pumzi. Baadaye ndiyo tulielezwa. Alikufa siku ya nne, kwenye pikipiki, katikati yangu na dereva, tunaelekea hospitali.

Kaka yake hajakanyaga kanisa lolote tangu pale. Hajasoma kitabu chochote cha kupinga Mungu, hana hata muda huo, anapakia mifuko ya makaa. Amebaki na kamashini kwenye kabati na anaulizaga kila mtu swali moja, kwa nini herufi mbili zilisema kweli na mtu wa Mungu akasema uongo. Mhariri, mi sina jibu zuri la kumpa, ninachomwambia ni kwamba yule hakuwa anasema kwa ajili ya Mungu. Haimtoshi.

Kwa hiyo nabisha na barua ile hapo hapo. Simu na kamashini havitoi watu kanisani, vinaonyesha tu haraka nani amedanganya, zamani uongo ulikuwa unaweza kuishi mpaka uzeeni. Mwaka 2002 Nyiragongo, volkano yetu, ilipolipuka tarehe 17 Januari, lava ikapita katikati ya mji na kuunguza mpaka katedrali, kuna waliohubiri ni adhabu ya dhambi za Goma. Mi nilikuwa mtoto nikaamini. Leo mtoto wangu anafungua simu anaona ardhi yetu hapa inapasuka polepole kutoka kaskazini kwenda kusini, mlima ulichanika ubavuni, na lava ya Nyiragongo ina silika kidogo, yale madini ya kuifanya lava iwe nzito, ndiyo maana inatiririka kama uji mwepesi, haichagui baa wala kanisa. Anarudi kuniuliza, papa, kumbe walitudanganya? Na tarehe 22 Mei 2021 mlima ulipolipuka tena, kisha siku tano baadaye tukaambiwa tuhame kabisa, niko njia ya kwenda mji wa Sake na begi la simu za wateja mgongoni, usiku, watu maelfu, hakuna niliyemsikia anamtafuta nabii. Walikuwa wanatafuta intaneti wajue wataalamu wa volkano wanasemaje. Na saa hiyo hiyo, pembeni ya njia, mama wazee wameketi kwenye magodoro wanaimba nyimbo za tenzi kwa sauti ya chini, na sisi tukakaa karibu nao. Nilihitaji vyote viwili ule usiku na sioni aibu kuvisema pamoja.

Wala siwatetei wanaodhani upendo peke yake unatosha. Kijiji cha Yambuku, kaskazini mwa Kongo, 1976, Ebola ya kwanza katika nchi yetu, hospitali ilikuwa ya masista wa misheni, watu wa huruma kabisa, lakini sindano zilikuwa chache, zinatumika kwa mgonjwa huyu na huyu bila kuchemshwa, ugonjwa ukapita humo. Walikufa watu 280, na masista wenyewe humo humo. Profesa Muyembe, Mkongo mwenzetu mtaalamu wa virusi, alienda kule akachukua damu bila glavu, na baada ya miaka zaidi ya 40 alikuwa bado anapigana na ugonjwa ule ule huku kwetu.

Na huku kwetu tuliona inavyowezekana. Julai 2019 mgonjwa wa kwanza wa Ebola kugunduliwa Goma alikuwa mchungaji aliyetoka mji wa Butembo kwa basi. Kanisa letu halikubisha na wenye chanjo, tuliweka ndoo ya maji ya klorini mlangoni, tukaacha kushikana mikono wakati wa kupeana amani ibadani, na kila Jumapili mzee wa kanisa alichukua mikro, yaani kipaza sauti, akasema ukipata homa usijifiche, nenda upimwe. Watu walimsikia yeye kuliko redio, juu wanamwamini.

Basi mikro bado ipo. Naomba wachungaji, mapadri na mashehe wanaosoma hapa, na hasa wenye vyumba vya maombi, Jumapili hii au Ijumaa hii, kabla ya sadaka, waseme: mwenye dawa ya sukari, ya presha, ya kifafa au ya ukimwi asiiache, aje tumuombee akiwa ameimeza. Kwetu nimeshamwomba mchungaji wangu na amekubali. Kaka yake yule dada nimemwalika aje asikie, amesema ataangalia.

Mtengeneza simu,
Birere, Goma