Mfongo umeziba, wakubwa wako semina

Mhariri,

Shikamoo kama umenizidi umri, kama sivyo basi niamkie wewe. Gazeti lako nimelisoma miaka na miaka, tangu marehemu mzee wangu yupo hai akilileta nyumbani limefungiwa nyama, na sijawahi kukuandikia hata mstari mmoja. Ila ile habari yenu ya wakubwa waliokutana hotelini hapa Moshi mjini kujadili sijui usimamizi jumuishi wa wanyamapori, wadudu, udongo na maji, na ile picha wamejipanga mistari mitatu mbele ya bango, imenikaa kooni. Mara ya kwanza nimesoma nikacheka. Mara ya pili nikamwambia mjukuu alete karatasi, yeye ndo ananichapia hii kwenye simu, kwa hiyo makosa ya herufi mlaumuni yeye.

Kilichoniudhi ni pale waliposema tatizo kubwa ni wananchi hawana uelewa. Hivi sisi watu wa Kibosho wa kufundishwa maji? Wazungu waliokuja kuuandika huu mlima wetu wa Kilimanjaro karne ya 19 waliikuta mifongo, hii mifereji yetu ya asili ya maji, inatiririka, imechongwa kwenye kingo za makorongo, imepita ukoo hadi ukoo, kila mmoja na zamu yake, na hakukuwa na projekta wala maji ya chupa mezani. Ukikosa kwenda kuzibua unatozwa pombe au mbuzi. Mimi nimeolewa huku enzi ambazo mwanamke hata kusogea kwenye chanzo cha mfongo ilikuwa mwiko, sasa hivi wanaume wenyewe wamehamia Dar, wengine wako makaburini chini ya migomba, na sisi wajane ndo tunashika koleo. Wazee wachache waliobaki wananung'unika lakini maji wanakunywa.

Sasa nikueleze yaliyotukuta masika haya. Mti mkubwa ulianguka kule juu msituni ukalala moja kwa moja kwenye mfongo wetu, karibu kabisa na pale unapotoka mtoni. Kama mnavyojua tangu mwaka 2005 msitu wote uliingizwa ndani ya Hifadhi ya Kilimanjaro, hata ule ukanda wa msitu wa Nusu Maili tulioachiwa tangu 1941 ya kuokota kuni na kukata majani siku hizi unaingia roho mkononi, kwa hiyo huwezi kupanda tu na msumeno ukakata mti kama wa kwako. Na mimi hilo silipingi, nieleweke, msitu ndo mama wa maji na wakata mbao wangeshaumaliza. Basi tukasema tufuate sheria. Mimi na katibu wa mfongo tukavaa nguo za kanisani tukashuka mjini.

Ofisi ya kwanza wakatwambia mti ni wao lakini maji si yao, tuwaone watu wa maji. Watu wa maji wakauliza kibali cha kutumia maji kiko wapi, tukatoa, wakakigeuza geuza, wakasema sawa maji ni yao ila wao hawatoi ruhusa ya kukata mti, na kwa kuwa hayo maji yanaenda shambani hilo ni suala la umwagiliaji, twende kilimo. Kilimo kuna dada mmoja mstaarabu sana, akatupa viti, akasikiliza mpaka mwisho, akasema leteni barua ya mtendaji wa kijiji ipite kwa mtendaji wa kata. Tukarudi kijijini. Mtendaji hayupo. Yuko wapi? Yuko semina. Ya nini? Ya mazingira!

Huku juu maji hayakusubiri barua. Mfongo ukiziba maji hayarudi mtoni kwa adabu, yanatafuta pa kutokea, na yakatokea ubavuni yakateremkia kihamba cha shemeji yangu, shamba lake la nyumbani la kahawa na migomba. Mhariri, njoo uone. Siku ya kwanza ilikuwa mchirizi tu wa kuvuka kwa hatua moja, mvua ikaongeza, wiki haijaisha ni korongo ambalo nikisimama ndani linanifika kifuani. Udongo mwekundu umekatwa wima, unaona na tabaka jeusi la juu lenye mboji, nene kama mkate, hilo ndilo tunalolilisha samadi tangu tumezaliwa, na ndilo lililoondoka kwanza. Kahawa za mwaka 1970 na kitu zinaning'inia mizizi iko hewani, migomba imelala na mikungu michanga, mringaringa uliokuwa unatia kivuli umeinama unangoja upepo. Shemeji alikuwa anakaa pale kwenye ukingo jioni hasemi kitu. Na udongo wenyewe umeenda wapi? Umeshuka mtoni, na mito yetu ya upande huu wote mwisho wake ni bwawa la Nyumba ya Mungu, lile lile linalozalisha umeme na kulisha mitambo ya umeme ya Hale na Pangani kule chini. Siku tope likizidi mle mtasikia wananchi wamelima milimani kiholela, hawana uelewa. Halafu mtu aniambie, katika nchi hii udongo ni wa ofisi gani? Maji yana kibali, mti una askari, wadudu wana mamlaka yao nzima pale Ngaramtoni Arusha, mnyama ana sheria tangu 2009 na bunduki juu. Udongo hauna hata karani. Ukiondoka umeondoka, hakuna wa kuuandikia taarifa, na ndo kitu pekee kati ya vyote hivyo ambacho hakirudi mvua ikinyesha.

Mwishowe kuna vijana, sitawataja na msiniulize, walipanda alfajiri na msumeno wa mkono, saa nne asubuhi maji yako kwenye njia yake. Barua ya majibu ikaja baadaye kabisa, imegongwa mihuri, inatutaka tueleze ukubwa wa mti na sababu za kutaka uondolewe. Na bado kuna bwana akaja na pikipiki kutuuliza nani kakata, eti kuna faini. Huyo korongo hakwenda kuliona, tulimwambia ni hatua chache tu akasema ana haraka.

Na hapa ndipo niseme na hili jingine maana nimeshashika kalamu. Sheria ya mazingira ya 2004 inasema mita 60 kutoka kingo za mto hakuna shughuli za kudumu wala za kuharibu kingo. Mita 60! Kwenye mlima wetu ambapo kihamba chenyewe upana wake wakati mwingine hauvuki mita 60, ukimwondoa mtu umbali huo kila upande wa kijito basi umemhamishia barabarani. Lakini sawa, tulikubali, mimi mwenyewe niling'olewa magimbi yangu pale bondeni, magimbi ambayo yanashika kingo kuliko hata zege, nikaambiwa nimevamia chanzo cha maji. Nikanyamaza. Sasa huku chini yangu kidogo kuna tajiri mmoja kapandisha ukuta mpaka unagusa maji, kapanda na mikaratusi safu nzima kando ya mto, mti ambao kila mtoto wa shule ya msingi anajua unavyokunywa maji, na chemchemi tuliyokuwa tunachota chini yake sasa ni tope la kuchezea nguruwe. Huyo hakung'olewa kitu. Huyo alikuwepo kwenye picha yenu, mstari wa mbele, wa pili kutoka kushoto, kashika mche wa mti! Mjukuu kakuza picha kwenye simu kaniletea, nikasema haiwezekani, akasema bibi ni yeye. Na malori ya mchanga yanaingia mtoni usiku yanatoka kabla hakujapambazuka, tunayasikia yakibadili gia kwenye mwinuko, asubuhi tunakuta ukingo umeliwa mita nyingine. Mita 60 hizo ni za magimbi peke yake? Au lori likizima taa linahesabiwa halipo?

Kuhusu wanyama sitaki maneno mengi. Kima wanatoka msituni wanakula ndizi na parachichi na mahindi mabichi. Nilipouliza kifuta jasho, ile pesa ya serikali kwa aliyeharibiwa mazao na wanyama, nikajibiwa kile ni cha wanyama wakali na waharibifu walioorodheshwa, tembo na kiboko na wenzao, kima hayumo. Nikauliza sasa nimuombe tembo aje? Aliyenijibu alicheka, nami nikacheka, tukaagana.

Wadudu ndo usiseme. Shamba langu la porini huko tambarare lilivamiwa na wale viwavijeshi vamizi waliotufikia 2017, si wale wa zamani wanaotembea jeshi jeshi ambao wataalamu wa Tengeru kule Arusha walikuwa wanawatabiri kwa mitego na kutangaza redioni, hawa wapya kila mmoja anajifungia kwenye moyo wa mhindi, juu kaziba na kinyesi chake kama unga wa mbao, dawa inapita hapo juu yeye yuko ndani anakula. Duka la pembejeo waliniuzia chupa ambayo hata muuzaji hajui inaua nini. Nimerudi kwenye majivu na vumbi la udongo, unatia kidogo kidogo ndani ya kila mhindi asubuhi, mgongo unakatika lakini wanapungua. Hilo kuna mtu alikuja kutufundisha? Tulifundishana kwenye foleni ya mashine ya kusaga. Na pale Mabogini kwenye mpunga, kwelea kwelea, vile vindege vya kula nafaka, wakija eropleni ya kunyunyizia sumu inaitwa, sawa, maana kila kandege kanakula kama gramu kumi kwa siku na wakiwa milioni hizo ni tani kumi, mkulima atabaki na nini. Lakini sumu ikishamwagwa mwewe naye anakula mzoga anakufa, bundi anakufa, halafu msimu unaofuata panya wanajaa kwenye majaruba na hapo anaitwa afisa mwingine wa panya. Yaani kila mmoja anatibu kidole chake na mwili ni mmoja. Nyie kwenye semina mnaita jumuishi, sisi tunaita kupigwa chenga.

Sasa wasije wakasema bibi analalamika tu hana ushauri. Ushauri ninao. Wala msijenge jengo, wala msiunde kamati. Chukueni meza moja ya mbao iwekwe kwenye veranda ya ofisi ya kata, Jumanne asubuhi saa tatu mpaka saa sita, isiwe siku ya soko maana hatutakuja. Viti vitano. Kimoja cha mtu wa maji, kimoja cha msitu, kimoja cha wanyama, kimoja cha wadudu na kilimo, na cha tano kiandikwe UDONGO kwa rangi nyeupe, herufi kubwa. Kila mmoja aje na muhuri wake mfukoni. Mtu akija na shida ya mti ulioziba mfongo haondoki mpaka mihuri yote imegongwa pale pale kwenye karatasi moja, na kama kuna kiti kiko wazi wewe mhariri mtume kijana wako apige picha kile kiti kitupu, mkiweke ukurasa wa mbele ukubwa ule ule mlioipa picha ya semina. Wiki tatu tu za viti vitupu, uone kama watu hawajaanza kuja mapema kuliko wenye shida.

Na semina ijayo, kama lazima iwepo, ifanyikie kwenye mfongo. Tunaanza saa kumi na moja alfajiri, kila mshiriki aje na koleo lake na buti, atapewa kipande chake cha kuzibua na hatumruhusu kumlipa mtu amfanyie. Asiyefika atatozwa mbuzi, na mbuzi huyo atafika kwa shemeji yangu maana kahawa hana tena. Posho hatuna, uji wa ulezi tutapika. Na kile kiti cha udongo, kama mtakosa mtu wa kukikalia, nitumieni ujumbe kwa simu ya mjukuu, Jumanne mimi nina nafasi.

Mjane mwenye koleo,
Kibosho, Moshi.