Barua ya wazi kwa Mwenyekiti wa IEBC: Tuambiwe nani amelipia video

Kwa Mheshimiwa Erastus Edung Ethekon,
Mwenyekiti, Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka (IEBC),
Nairobi.

KUH: JINA LA MLIPAJI KWENYE VIDEO ZA KAMPENI ZA 2027

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Pokea salamu zangu kutoka Mombasa. Najua meza yako imejaa: usajili wa wapiga kura, mipaka, mitambo, kesi, na tarehe 10 Agosti 2027 haimsubiri mtu. Kwa hiyo nina ombi moja tu. Kabla kampeni hazijafunguliwa rasmi, Tume iagize kwamba video yoyote ya siasa iliyotengenezwa au kusambazwa kwa malipo, hata ikiwa ya sekunde kumi na tano, iwe na jina la aliyetoa pesa, juu ya video yenyewe.

Nianze na 2017, maana jambo lile hatujawahi kulimaliza. Kabla ya uchaguzi wa Agosti mwaka huo ilisambaa video ya kama dakika moja na nusu iliyodai kuonyesha Kenya ya 2020 chini ya Raila Odinga: njaa, ugaidi, watu wakikimbia makwao. Mwishoni mtazamaji aliambiwa amzuie Raila ili aiokoe Kenya. Mimi ni mpiga video, na nilipoitazama nilijua mara moja kwamba haikufanywa na kijana mwenye simu chumbani kwake. Muziki, ukataji wa picha, ile rangi iliyopaushwa makusudi, vyote vilikuwa vya watu wenye bajeti. Lakini haikuwa na nembo ya chama wala jina la mtu. Siku hizohizo zikaja klipu nyingine zilizoghushiwa zionekane kama taarifa za BBC na CNN, zikitangaza kura za maoni ambazo mashirika hayo hayakuzitangaza. BBC na CNN walizikana, lakini kwenye makundi ya WhatsApp zilikuwa zimeshalala na kuamka.

Tulijua lini nani alikuwa nyuma ya ile video ya Raila? Desemba. Mahakama ya Juu ilikuwa imeshafuta matokeo ya urais Septemba 1, uchaguzi umerudiwa Oktoba 26, rais ameshaapishwa, ndipo shirika la Privacy International la London likatoa ripoti kwamba kampeni ile, pamoja na nyingine ya kumsifu Uhuru Kenyatta, zilikuwa kazi ya Harris Media, kampuni ya Texas iliyowahi kumfanyia kazi Donald Trump. Machi 2018, televisheni ya Channel 4 ya Uingereza ikamwonyesha mkubwa mmoja wa Cambridge Analytica, kampuni ya Uingereza ya kuendesha kampeni kwa data, asijue anarekodiwa, akijigamba kwamba walikibadilisha chama cha Uhuru, Jubilee, sura mara mbili, wakakiandikia manifesto na hotuba. Yaani habari za nani anatupikia siasa zetu tulizipata kutoka London, mara zote mbili, na mara zote mbili baada ya kura. Raila mwenyewe ametangulia mbele ya haki Oktoba 2025. Sikumbuki siku ambayo ofisi yoyote ya Nairobi ilisimama ikasema: video ile ililipiwa na fulani, kwa kiasi fulani.

Silalamiki kwamba ilikuwa kali. Siasa si maulidi. Mgombea akitaka kumwita mwenzake mwizi, amwite, ajibu mbele ya watu au mbele ya hakimu. Ninalolikataa ni kutukanwa na mtu aliyejifunika shuka.

Na mambo haya ninayajua kwa karibu. Kazi yangu ni harusi, mahafali na matangazo madogo ya maduka. Mwaka wa 2022, kampeni zilipopamba moto, alinipigia mtu ambaye hakutaja chama wala mgombea. Alitaka vipande vya sekunde thelathini. Masharti yake yalikuwa ya mtu anayeijua kazi: maandishi yawe makubwa, kwa sababu wengi hutazama bila sauti wakiwa kwenye matatu, video isimame wima, jambo la kushtua lije kabla ya sekunde ya tatu, faili itumwe kama dokumenti ili WhatsApp isiiharibu. Kisha akasema sharti lililonitia shaka: nisiweke nembo yangu, nisiweke rangi ya chama, na nikishatuma nifute. Malipo yangekuja kwa M-Pesa, kutoka namba ya mtu nisiyemjua. Nilikataa kwa kisingizio cha harusi (na kweli nilikuwa nayo, Kilifi). Lakini Mwenyekiti, nikikataa mimi, wako kumi mtaani wenye kompyuta na kodi ya nyumba.

Na si watengenezaji peke yao. Mwaka 2021 watafiti wawili wa Kenya walioandikia taasisi ya Mozilla walionyesha jinsi watu wenye wafuasi wengi Twitter walivyolipwa kama dola 10 hadi 15 kwa kila kampeni, wapandishe hashitagi ya kuwashambulia majaji na wanaharakati wakati wa vuta nikuvute ya BBI, ule mpango wa kubadilisha Katiba. Maagizo yalikuja kwa WhatsApp: leo tunasema hivi, saa fulani. Mwaka uliofuata ripoti nyingine ya Mozilla ikataja zaidi ya video 130 za TikTok zenye uchochezi na uongo kuhusu uchaguzi wetu, zilizotazamwa zaidi ya mara milioni 4. Kumbuka kwamba TikTok ilishapiga marufuku matangazo ya kisiasa ya kulipia tangu 2019. Mlango wa mbele ukifungwa, pesa hupitia jikoni: analipwa mchekeshaji, anarekodi kichekesho, na kichekesho hakina lebo ya tangazo.

Wako watakaokwambia kwamba hakuna nchi inayoweza kudhibiti mambo haya. Watazame Wamarekani, ambao wana ugonjwa huu kuliko sisi. Tangu 2010, mahakama zao ziliporuhusu makampuni na vyama vya wafanyakazi kutumia pesa bila kikomo, zimezuka kamati zinazoitwa super PAC. Hizi hazina ruhusa ya kumpa mgombea pesa wala kupanga naye mikakati, lakini zinaweza kukusanya na kutumia mamilioni zitakavyo. Januari 2012 mojawapo, Winning Our Future, iliyomuunga mkono Newt Gingrich katika mbio za tiketi ya urais ya Republican, ilitoa mtandaoni filamu ya karibu nusu saa ya kumchafua mpinzani wake Mitt Romney na biashara zake. Mwaka 2020 Lincoln Project, super PAC ya Warepublican wasiomtaka Trump, ilitoa video ya dakika moja, naye Trump akaishambulia usiku wa manane kwenye Twitter. Alidhani anaizika, kumbe anaitangaza, michango ikamiminika.

Sikuleti Marekani kama mfano wa usafi, la hasha. Wana pesa nyingine zinazopitia mashirika yasiyotaja wafadhili wake, na bwenyenye mmoja anaweza kumbeba mgombea mgongoni mwezi mzima. Lakini katika ile ya Gingrich, jina la kamati lilikuwepo, na ilijulikana kwamba Sheldon Adelson, tajiri wa kasino za Las Vegas, ndiye aliyeingiza dola milioni 5. Mpiga kura wa mchujo kwenye jimbo la South Carolina aliweza kuyapima matusi akijua yametoka mfuko gani. Sisi hata hicho kidogo hatuna. Pakiti ya unga ina jina la kinu na anwani ya posta. Video ya kumchagua rais haina.

Utaniambia sheria ipo. Ipo kweli: Sheria ya Ufadhili wa Kampeni ni ya mwaka 2013. Haikutumika 2017. Mwaka 2021 Tume ikatangaza viwango, mgombea urais asizidi shilingi bilioni 4.4, Bunge likazikataa kanuni, na 2022 tukaenda bila kikomo. Wabunge hawatajifunga kamba wenyewe, na sidhani 2027 itakuwa tofauti. Ndiyo maana siombi viwango. Naomba jina. Kila chama na kila mgombea hufungwa na kanuni za maadili ya uchaguzi, na Tume ina kamati ya kuzisimamia ambayo 2022 iliwaita wanasiasa mbele yake. Anzieni hapo: mgombea anapoleta karatasi zake, alete pia orodha ya kampuni, makundi na watu anaowalipa kutengeneza na kusambaza video, na orodha hiyo ibandikwe kwenye tovuti ya Tume. Kikundi cha "marafiki wa fulani" kinachomfanyia kampeni kwa pesa zake chenyewe kijiandikishe vilevile. Na wale wa ng'ambo, watajwe kwa jina na mji.

Kuna jambo moja naomba usilichukulie kwa wepesi. Tangu Juni 2024 vijana wetu wameitumia TikTok kuusoma mswada wa fedha na kuwauliza wakubwa maswali, na wapo waliokamatwa kwa sababu ya kuandika au kuchora mtandaoni. Agizo ninaloomba lisiwe rungu jingine juu ya vichwa vyao. Binti anayerekodi hasira zake kwa bando lake mwenyewe hajalipwa na mtu, na hana wa kumtaja. Yeye aachwe. Kosa liwe la mlipaji aliyejificha na la mgombea aliyenufaika huku akijua, na adhabu imfikie kwenye karatasi zake za uteuzi, si kituoni kwa mpiga video wa Likoni.

Nasikia simu kama ile ya 2022 zimeanza tena kuwapigia wenzangu hapa Pwani, ingawa kampeni hazijaruhusiwa. Ningependa kijana anayepigiwa aweze kusema: nitumie jina litakaloandikwa chini, Tume inalitaka. Agizo hilo tunaweza kulitarajia lini?

Wako kwa heshima,

Mpiga kura na mpiga video,
Kisauni, Mombasa.