Makala za kupunguza uzito ziwakumbuke na wasioweza kutembea

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nitoe maoni kuhusu makala za afya zinazochapishwa katika gazeti hili, hasa zile zinazohusu kupunguza uzito. Nimekuwa nikizisoma kwa makini na nyingi zina manufaa, lakini karibu zote humlenga msomaji wa aina moja, mwenye magoti mazima, mgongo usiouma na pumzi ya kutosha, ambaye tatizo lake pekee ni kukaa sana. Huyo huambiwa atembee kwa kasi, apande ngazi na kuachana na lifti, aruke kamba na akimbie alfajiri. Sisi tunaotembelea gongo, pamoja na wenye mguu bandia, waliopatwa na kiharusi, wenye baridi yabisi na wanaotumia viti vya magurudumu, tunatengewa sentensi moja mwishoni, kwamba tumwone daktari kwanza. Ushauri huo ni sahihi, ila unaishia pale swali letu linapoanzia.

Nyonga yangu iliumia katika ajali na haikurudi kama ilivyokuwa, na uzito wangu ukaongezeka kwa njia wanayoifahamu wengi walio katika hali hii: mwili hutumia nguvu kidogo, hamu ya kula hubaki ile ile, na kila kilo inayoongezeka hukielemea kiungo kilekile kibovu, hivyo mtu akazidi kupunguza mwendo. Naandika kwa kuwa nimeona kwamba mzunguko huo huvunjika, alimradi mtu aanzie mahali tofauti na pale zinapoanzia makala zenu.

Pa kuanzia ni kwenye sahani. Kilo moja ya mafuta ya mwilini hubeba takriban kalori 7,700, ilhali mtu mzima wa kawaida anayetembea kwa kasi kwa nusu saa hutumia kalori kama 150 hivi, zaidi au pungufu kulingana na uzito wake. Anayepunguza kalori 500 kwa siku katika chakula na vinywaji vyake anaweza kupungua karibu nusu kilo kwa wiki katika kipindi cha mwanzo, kabla mwili haujazoea na kasi kushuka, hata kama hakutembea hata kidogo. Maana yake ni kwamba asiyeweza kutembea hajanyang'anywa nyenzo kuu ya kupunguza uzito, na jambo hili lingestahili kuandikwa kwa herufi kubwa.

Hata hivyo, majedwali ya kalori hayamfai kila mtu. Aliyepooza miguu ana misuli iliyonywea, na kwa kuwa msuli hutumia nguvu nyingi kuliko mafuta hata mtu anapokuwa amelala, mahitaji yake ya siku ni madogo kuliko ya mwenzake wa umri na kimo kilekile anayetembea. Akifuata jedwali la mwenzake atanenepa huku akiamini kwamba anajinyima. Zipo pia dawa zinazochangia, zikiwemo za steroidi, insulini na baadhi ya dawa za kifafa na za maradhi ya akili. Hakuna anayepaswa kuziacha kwa uamuzi wake mwenyewe, lakini kila mgonjwa ana haki ya kumuuliza daktari kama ipo nyingine isiyoongeza uzito.

Mazoezi nayo yana kazi yake, ingawa kazi hiyo ni tofauti na ile inayotangazwa. Anayepungua kwa kupunguza chakula peke yake hupoteza misuli pamoja na mafuta, na kwa mtu anayetegemea mikono yake kujihamisha kutoka kitandani hadi kwenye kiti, kupoteza misuli ni kupoteza uhuru. Ndiyo maana protini ya kutosha na mazoezi ya nguvu ni lazima viende pamoja na kupunguza kula. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 uliwatengea sehemu yao watu wenye ulemavu na wenye magonjwa sugu, na ukawapendekezea watu wazima kiwango kilekile cha wengine, yaani dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki pamoja na mazoezi ya misuli angalau siku mbili, ukisisitiza kwamba kufanya kidogo ni bora kuliko kutofanya kabisa. Mwongozo huo hauzungumzii zile hatua 10,000 zinazorudiwa kila siku magazetini. Hesabu hiyo ilitokana na matangazo ya kifaa cha kuhesabu hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965.

Kwa wenye magoti mabovu ipo habari njema ambayo sijawahi kuiona katika kurasa zenu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005, uliowahusu wazee wanene wenye ugonjwa wa kusagika kwa goti, ulionyesha kwamba kila kilo moja iliyopungua iliondolea goti mzigo wa takriban kilo nne katika kila hatua. Hivyo hata kilo chache hupunguza maumivu, na maumivu yakipungua mazoezi huwa rahisi. Maji nayo husaidia mno: anayesimama katika maji yanayofika kiunoni huondolewa karibu nusu ya uzito wake, na yakifika kifuani miguu hubaki na takriban theluthi moja tu. Si lazima mtu ajue kuogelea. Kutembea majini kwenda na kurudi ni zoezi tosha, mradi awe na mtu wa kumwangalia.

Asiye na bwawa ana kiti. Akiwa ameketi anaweza kuinua goti moja baada ya jingine kama anayepiga gwaride, kunyoosha goti na kukaza paja kwa sekunde tano, kukandamiza viganja viwili mbele ya kifua, au kuvuta mkanda wa mpira uliofungwa mahali imara. Mwenye kiti cha magurudumu azidishe mazoezi ya kuvuta kuelekea kifuani, kwa sababu mabega yake yanasukuma mchana kutwa na ndiyo huchakaa mapema. Maumivu yanayodumu zaidi ya saa mbili baada ya mazoezi ni dalili ya kupunguza kipimo siku inayofuata, wala hayana maana kwamba mtu aache kabisa. Kuhesabu mapigo ya moyo kunaweza kupotosha, kwani baadhi ya dawa za shinikizo la damu huyashusha. Kipimo rahisi ni kuweza kuzungumza bila kuweza kuimba. Aliyeumia uti wa mgongo kuanzia pingili ya sita ya kifua kwenda juu ajihadhari zaidi: akipatwa ghafla na maumivu makali ya kichwa na jasho usoni, akae wima, ahakikishe kibofu hakijajaa na atafute msaada haraka, kwa kuwa shinikizo la damu huweza kupanda kwa hatari.

Kuna kikwazo kingine, nacho ni huruma. Ndugu zetu, kwa mapenzi yao, hutukataza kuinuka na hutuletea kila kitu tulipokaa. Katika miaka ya 1940 daktari Ludwig Guttmann aliwafanyisha michezo wagonjwa waliovunjika uti wa mgongo katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza, wakati wengi waliamini kwamba hao ni watu wa kulazwa tu, na mashindano aliyoyaanzisha mwaka 1948 ndiyo yaliyozaa Paralimpiki. Inashangaza kwamba hadi leo anayetaka kujisogezea kiti chake mwenyewe hulazimika kubishana.

Vituo vya afya navyo vijirekebishe. Katika kimoja nilishuhudia mgonjwa mwenye kiti cha magurudumu akikadiriwa uzito kwa macho, ilhali ipo mizani bapa ambayo mtu hupimwa pamoja na kiti kisha uzito wa kiti ukatolewa. Hesabu ya kugawanya uzito wa mtu (kwa kilo) kwa kimo chake (kwa mita) kilichozidishwa kwa chenyewe, yaani BMI, nayo humdanganya aliyekatwa mguu, kwa sababu huonekana mwembamba kuliko alivyo. Mzunguko wa kiuno, kiwango cha sukari katika damu na wepesi wa kujihamisha humweleza zaidi.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo. Kila makala inayofundisha zoezi la kusimama iambatane na namna ya kulifanya kwa kuketi, ikiwa imepitiwa na mtaalamu wa tiba ya viungo. Picha nazo zimwonyeshe mtu aliyeketi mara kwa mara. Hilo halihitaji gharama zaidi ya kiti.

Wako msomaji,
Jina limehifadhiwa