Weupe wa Nyari

Malindi,
2 Februari

Kwako sahibu yangu Omari,

Asalaam aleikum. Natumai wewe na watu wa nyumbani huko Lamu hamjambo. Sisi huku tu wazima, ila joto la msimu huu wa kaskazi linatunyima usingizi.

Umeniuliza kwa nini wiki 2 zimepita bila kukuletea picha za Marafa nilizokuahidi. Sababu ni kofia ya binamu yangu Athmani, nami naomba univumilie nikueleze, kwa kuwa wewe ndiye uliyenifunza kushika kamera.

Tuliondoka baada ya adhuhuri, tukavuka daraja la Sabaki, tukaiacha barabara ya Lamu na kukata kushoto kuelekea bara. Hema tulilipiga hatua chache kutoka ukingo wa korongo la Marafa, kwa ruhusa ya wenyeji. Wagiriama hupaita Nyari, na mzee aliyetutembeza alitusimulia kile kisa cha matajiri wa ng'ombe waliofikia hadi kuoga maziwa, Mungu akawadidimiza pamoja na mji wao, na ndiyo maana magenge yana tabaka jeupe la maziwa na jekundu la damu. Wenye elimu ya ardhi husema ni mwamba laini wa mchanga uliochongwa na mvua na upepo. Vyovyote iwavyo, ni lile tabaka jeupe lililoanza kunitaabisha.

Jua lilipokaribia kuzama, minara ile ya mwamba ilishika rangi ya papai bivu, kisha ya kutu, na mwishowe ya zambarau, nami nilipiga picha zipatazo 140 bila kuinua kichwa. Kosa langu ni kwamba niliiacha kamera ijichagulie kipimo cha weupe, yaani kuamua kipi kionekane cheupe katika mwanga uliopo. Ilipoona wekundu umezidi, ilidhani ni hitilafu ya mwanga, ikaupunguza, na nilipofungua kompyuta nyumbani nilikuta magenge yamefanana na shimo la kuchimbia udongo wa matofali.

Nashukuru kwamba nilikusikiliza katika jambo moja, la kuhifadhi faili ghafi. JPEG ina ngazi 256 tu kwa kila rangi, na weupe wake umekwisha kuamuliwa ndani ya kamera; faili ghafi za kamera yangu zina ngazi 16,384, na uamuzi hungoja mpaka mtu aketi mezani. Basi nikakichukua kile kijitone cha programu, ambacho ukikigusisha kwenye kitu cheupe huisawazisha picha nzima, nikakigusisha kwenye tabaka la maziwa. Rangi zikanyooka na machweo yakafa. Nilikuwa nimeiambia programu kwamba mwanga wa jioni ni mweupe, ikanitii, ikanipa saa 6 mchana yenye vivuli virefu.

Ndipo nilipomkumbuka Athmani, ambaye katika picha moja ameketi pembeni, chini ya genge, amevaa kofia yake ya vito aliyoshonewa na mamake. Niliigusa kofia. Mara hiyo mawe yakageuka rangi ya soda ya chungwa, na ilinichukua karibu usiku mzima kutambua kwamba Athmani alikuwa kivulini, ambako mwanga hutoka angani tu na huwa na ubuluu, kwa hiyo programu ilikuwa imeitia moto picha nzima ili kuisafisha kofia moja.

Hatimaye niliviacha vitu vyeupe vyote, nikaweka kipimo cha weupe cha Kelvini 5500, kile cha mwanga wa mchana ambacho filamu za zamani zilitengenezewa, ili wekundu wa jioni ubaki jinsi ulivyokuja. Naona sasa picha zinafanana na nilichokiona, ingawa macho nayo yana hila zake za kusawazisha rangi.

Picha za nyota hazikufaulu. Sekunde 20 za kuiacha kamera wazi ipokee mwanga zilitosha upepo kuitikisa. Vumbi lilikuwa balaa zaidi. Nilibadilisha lenzi mahali pa wazi, ukaidi ambao ungenigombeza kwa ajili yake, na kwa kuwa nilipiga kwa f/16, yaani tundu la lenzi likiwa dogo, kila chembe iliyotua kwenye kihisi ilitokea angani kama doa la kijivu. Nilifuta madoa 23 katika picha moja, kisha nikagundua kwamba la 19 lilikuwa mwewe. Nimemrudisha.

Iliyobaki ni ile picha ya Athmani. Kwa kipimo cha 5500 magenge yametulia, lakini kofia imekuwa kama iliyozidishiwa buluu ya kufulia, na mwenyewe analalamika kwamba mamake ataiona. Ninaweza kuchagua kofia peke yake na kuipasha moto kidogo, na hakuna atakayejua isipokuwa sisi watatu. Nimempa kijana wa basi kijidiski chenye picha zote mbili. Zitazame kwenye kioo chako kikubwa unijulishe kabla ya Ijumaa ipi niipeleke kuchapwa. Athmani anataka ile ya kofia nyeupe.

Wasalaam,
Sahibu yako,
Famau