Mwanangu, kabla hujasaini mkataba wa Dubai

Mwanga, Kigoma

Mwanangu mpendwa,

Pesa ya bati imefika, asante sana. Mama yako alinionyesha ujumbe kwenye simu yake, na chini ya habari ya bati ndipo nikaikuta habari ya Dubai, kwamba shirika la ndege la kule linakutaka kazi ya urubani. Sikupenda kuipata hivyo. Jambo la kuhamisha nyumba nzima kwenda nchi ya watu, baba huambiwa kwa sauti, hata kama mtandao unakatika. Haya, hilo nimeliweka pembeni. Nakuandikia kwa mkono, mdogo wako ataipiga picha akutumie, maana kwenye simu nikianza kusema wewe hunijibu "sawa baba" na maneno yanaishia hapo.

Unasema wanataka jibu mwisho wa mwezi. Nina swali moja tu, na utalikuta kila mahali kwenye barua hii: siku kazi hiyo ikiisha, utakuwa umesimama wapi?

Usidhani nimekaa hapa kibarazani kukuzuia. Nimehesabu na mimi. Mshahara wa kule hauna kodi, nyumba wanatoa wao, ada ya mjukuu wangu wanalipa wao, na wewe bado unadaiwa pesa za chuo cha Afrika Kusini. Mshahara wa hapa, ukishakatwa kodi na mkopo, ukatuma na huku Kigoma, najua kinachobaki. Tena nani asiyejua nyumba hii inakula wapi? Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi, tangu Mei 15 hadi Agosti 15, mama yako hakuuza dagaa hata kisado kimoja. Miezi yote hiyo sukari, umeme na dawa yangu ya presha vilitoka kwenye mfuko wako. Kwa hiyo mtu anayekushauri hapa ni mtu anayekutegemea, ulipime neno langu ukilijua hilo.

Najua pia kilichowatikisa wenzako. Desemba 2024 Umoja wa Ulaya ulilizuia shirika la ndege la taifa kuingia kwenye anga lake, na Juni 2025 ukayaongeza mashirika yote yenye vyeti vya Tanzania. Sababu waliyoitoa ni upungufu kwenye usimamizi wa usalama wa anga nchini, lakini rubani kijana lazima ajiulize leseni yake itatazamwaje huko mbele. Na kabla ya hapo tuliona Airbus A220 zikikaa chini kwa matatizo ya injini, kwetu na kwa nchi nyingine zenye injini zilezile za Pratt & Whitney. Ndege ikikaa chini rubani hakusanyi saa za kuruka, na rubani asiyekusanya saa hapandi. Ulinieleza mwenyewe, na nilikuelewa. Sitakuambia hapa nyumbani ni peponi.

Lakini binti yangu, kule nako si peponi. Mwaka 2020 corona ilipoingia, Emirates na Qatar Airways, hao wakubwa wanaosifiwa na kila mtu, walipunguza marubani. Watu wazima wenye watoto shuleni waliitwa wakapewa barua. Kibali cha kuishi kule kimefungwa kwenye kazi. Kazi ikikatika, kibali nacho kinaanza kuhesabiwa siku, na nyumba ni ya mwajiri, na shule ya mtoto ni ya mwajiri, hata gari la mkopo benki wanalitazama kwa jicho jingine. Ni kweli baadaye waliwaita watu tena, na sasa wanaajiri kwa kasi, ndiyo maana wamekuona na wewe. Wanaajiri kwa kasi, wanapunguza kwa kasi. Ukikaa kule miaka 20 bado u mgeni.

Baba yako mkubwa unamjua, lakini habari hii hapendi kuisimulia. Mwaka 1977 alikuwa fundi wa ndege Nairobi, kijana mwenye kazi ya kuonewa wivu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, mpaka wetu na Kenya ukafungwa, na haukufunguliwa hadi 1983. Ufundi wake haukupungua hata chembe, mikono ilikuwa ileile, ila nchi aliyokuwa amesimama haikuwa yake. Alifika hapa na sanduku moja na boksi la spana, na miaka iliyofuata alikuwa akitengeneza injini za mitumbwi pale Kibirizi. Hakuwa mvivu wala mlevi. Hakuwa na pa kurudia, basi. Ndiyo maana nikisikia mkataba wa nje siulizi kwanza mshahara.

Miaka yote niliyokaa stesheni sikuwahi kuruhusu treni iondoke kabla stesheni ya mbele haijajibu kwamba njia ni nyeupe. Abiria walitukana, madereva walipiga honi, wakubwa walipiga simu, na treni ilikaa. Wewe nakuomba uutendee hivyo huu mkataba. Usiondoke kabla hujajibiwa.

Ujibiwe nini? Kwanza habari ya kozi. Wakikufundisha ndege mpya watakufunga kwa miaka, na ukitoka mapema utadaiwa kilichobaki. Miaka mingapi? Kiasi gani? Na wao wakikupunguza, bado unadaiwa? Hilo la mwisho usikubali mtu akujibu kwa mdomo, liwe kwenye karatasi. Pili, leseni yako ya hapa. Hili nakusihi, mwanangu. Watakupa leseni ya kwao, nawe utaona ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Tanzania haina kazi tena, utaiacha ilale droo. Usiiache. Kama ni kulipia, lipia. Kama ni kupimwa na daktari wao na wetu pia, pimwa. Siku ukitaka kurudi ukakuta imekufa, utaanza mitihani na vijana uliowaacha sekondari.

Na habari ya daktari, je? Rubani kila mwaka anapimwa, na daktari asiposaini, hata uwe hodari namna gani, hurushi. Uliza kama wana bima ya kupoteza leseni, na inalipa kiasi gani. Mama yako anaongeza lake, mimi naliandika kama alivyosema: huku sheria inampa mzazi siku 84 za likizo yenye malipo, kule je? Mjukuu wetu anahitaji mdogo wake. Nimemwambia hayo akuulize mwenyewe. Amesema andika.

Halafu mfuko wa hifadhi ya jamii. Pensheni inataka michango ya miezi 180, na wewe hujafika. Ukiondoka leo, hesabu inasimama. Watakupa kiinua mgongo cha kule, ndiyo, lakini kiinua mgongo ni pesa ya kupokea mara moja, nami nimewaona wazee waliopokea mara moja. Nenda ofisi yao pale Dar es Salaam uulize unavyoweza kuendelea kuchangia ukiwa nje. Usimtume mtu.

Sasa nikuambie linaloniuma zaidi, na utanisamehe kama naingia kwenye fani isiyo yangu. Una mistari mitatu begani, ya rubani msaidizi. Wa nne uko karibu, wewe mwenyewe ulisema Idi iliyopita kwamba zamu yako ya mafunzo ya ukapteni inakuja. Kwa nini uondoke sasa? Ukienda na mitatu utapangwa nyuma ya wote waliotangulia kuajiriwa, na utakaa kiti cha kulia miaka, ukimsubiri mtu wa mbele yako astaafu. Ndege itakuwa kubwa, lakini saa zako zitaandikwa za msaidizi. Ukipata ukapteni hapa kwanza, ukakusanya saa ambazo ndege ilikuwa mikononi mwako, hizo hazifutwi na mtu. Utaondoka nazo, na siku ya kurudi utarudi nazo. Hilo ndilo la kusimamia ninalokuuliza.

Najua utasema ni Bombardier, ni ndege ya pangaboi, Dubai wana za abiria mia tano. Mwanangu, kile kitabu chako cha saa nilikishika mkononi. Mimi ni mtu wa rejista, nimeishi na safu na mistari, najua kitabu kilichojazwa na mtu makini. Wino wa bluu, hakuna pa kufutwa, na ukurasa mzima HTDA, HTTB, HTKA, halafu unageuka HTKA, HTTB, HTDA. Dar, Tabora, Kigoma, na kurudi. Siku moja tu unaruka na kutua mara nne, na Tabora wakati wa masika, na vumbi la kiangazi. Anayekwenda Marekani usiku kucha anatua mara moja, tena huenda mwenzake ndiye aliyetua. Sisemi kazi yake rahisi. Nasema ya kwako usiidharau kwa sababu panga zinaonekana.

Mama yako haafikiani nami hapa, na sitamficha. Tangu ile ndege ilipoanguka ziwani Bukoba, Novemba 6, 2022, watu 19 wakafa na marubani wote wawili wakiwemo, yeye akiona wingu juu ya ziwa letu siku ya zamu yako hapiki. Anakaa na simu. Kwake Dubai maana yake ni kiwanja kikubwa, taa nyingi, na vyombo vya kumwongoza rubani akiwa haoni kitu. Hilo siwezi kumpinga, kweli viwanja vyetu havijafika huko. Nimemjibu tu kwamba umefundishwa kurudi Dar hali ikiwa mbaya, na kwamba rubani anayejua kugeuza ndege na kuwaudhi abiria ndiye ninayemtaka. Ulifanya hivyo mwezi wa nne, abiria wa hapa mtaani walilalamika mpaka msikitini. Nilijivuna. Sikukuambia wakati ule.

Kuhusu mkwe wangu, nimezungumza naye. Ni mpole, atakufuata hata ukisema mwezini. Usimwache aandike barua ya kuacha ualimu. Aulize kwanza kwa mwajiri wake kama anaweza kupata likizo bila malipo, na kama haipo, abaki mwaka wa kwanza na mtoto, wewe uende peke yako ukaone. Ni vigumu, najua. Mimi nilipangiwa Uvinza, nikapangiwa Kaliua, mama yenu akawalea hapa. Mlikua vizuri, ingawa wewe ulizoea kuniita "mgeni" na mama yako alicheka, mimi sikucheka. Lakini nyumba yenye mshahara mmoja ng'ambo na mmoja nyumbani haianguki siku moja. Yenye yote miwili mikononi mwa mwajiri mmoja wa kigeni inaanguka siku moja.

Kama umeshaamua kwenda, nenda, sitakususia. Shamba la michikichi la Simbo liliuzwa ili uruke, halikuuzwa ili ukae karibu nasi. Mama yako hajalitaja tangu siku ile, na mawese sasa tunanunua sokoni kama watu wengine. Ila kanunue kiwanja kabla hujanunua gari. Kiwanja chenye hati, jina lako na la mumeo. Kiwe Dar, kiwe Dodoma, kiwe hapa Kigoma, sichagui. Pawepo pahali ambapo hakuna atakayekuambia kibali kimeisha.

Ya hapa nyumbani: bati tutaezeka wiki ijayo, fundi ni yuleyule, nimemwambia safari hii misumari nitaihesabu mimi. Shangazi yako amehama kabisa Kibirizi, maji ya ziwa yalifika mlangoni na hakuna aliyemhakikishia kuwa yatarudi nyuma. Yuko chumba cha uani, ndiyo maana mama yako alikuomba godoro. Mdogo wako anataka pikipiki ya bodaboda. Usimpe pesa kabla hajapata leseni, nimemwambia na wewe umesema hivyo, kwa hiyo usiniangushe. Baba yako mkubwa anakusalimu, macho yamefifia lakini injini bado anaitambua kwa mlio.

Dagaa wako tayari, wamekauka vizuri, mama yako ameondoa mchanga wote. Kuna na mgebuka wa kukaushwa. Ukipangiwa zamu ya Kigoma tuma ujumbe asubuhi, mdogo wako ataleta kiwanjani, wewe teremka tu uchukue, usiseme huna muda, najua ndege inakaa chini kiasi gani. Na huo mkataba uchapishe karatasi zote, hata zile za maandishi madogo, uzilete kwenye bahasha. Kiingereza cha kisheria nitakisoma polepole, nina miwani mipya. Palipo na shaka nitapigia mstari kwa penseli, nawe utawauliza kabla ya mwisho wa mwezi.

Dawa ya presha imebaki ya wiki mbili. Ile ya sanduku la kijani, siyo ya bluu.

Baba yako