Little Simz apewe maua yake

Mhariri salaam, kurasa zenu za burudani kila wiki ni bifu za mastaa tu, leo naomba nimwongelee Little Simz, yule rapa wa kike wa London mwenye asili ya Nigeria. Huyu dada hana kiki kabisa. Albamu ya kwanza katoa 2015, kakomaa bila lebo kubwa, halafu 2022 ndo Waingereza wanampa tuzo ya Brit ya msanii mpya bora, mpya na albamu nne mkononi jamani! Mwaka huohuo akabeba na Mercury, tuzo ya albamu bora ya mwaka huko Uingereza, na bado akafuta ziara ya Marekani sababu msanii anayejitegemea gharama zinamshinda.

Ila kinachoniua ni ule wimbo wake kuhusu baba yake ambaye hakuwepo kwenye malezi, hapigi kelele wala hatukani, anasema tu hakutegemea mzazi ndo awe wa kwanza kumvunja moyo, na akisamehe anasamehe kwa faida yake mwenyewe sio ya mzee. Marapa wetu wengi hapo wangeshaanza kutaja magari. Mwandikieni hata nusu ukurasa basi.

Msomaji wenu, Tanga