Unga wa gauti upelekwe maabara

Mhariri, assalaam alaykum.

Naomba nafasi kidogo nizungumzie hizi dawa za miti za yuriki, ile tindikali ya kwenye damu inayoleta maradhi ya viungo ya gauti, maana huku Pemba sasa hivi ukipanda gari ya Wete kwenda Chake humkosi mtu na chupa yake ya unga anakwambia unamaliza gauti kwa siku 7, na watu wananunua, na mie nilinunua.

Gauti nnayo mwaka wa nne. Unalala mzima, saa nane za usiku unaamka kidole gumba cha mguu kimevimba chekundu kinawaka moto, hata shuka likigusa unataka kupiga kelele, mke wangu akipita karibu ya kitanda namwambia taratibu mama usitikise. Spitali nikapimwa nikakutwa yuriki 9.2 na inatakiwa isipite 7, nikapewa alopurinoli, vidonge vya kushusha yuriki, miligramu 100 kila siku. Sasa wiki ya tatu kidole kikavimba tena, tena zaidi ya mwanzo, nikasema ndo hivi vidonge vinanipandishia. Kumbe ni jambo linalojulikana, ukianza kuishusha yuriki zile chembe zake kama sindano zilizoganda kwenye viungo zinaanza kuyeyuka na maumivu yanaweza kurudi miezi ile ya mwanzo, lakini mie hakuna aliyenambia, nilipewa vidonge akaitwa mgonjwa mwengine.

Hapo ndo nikaingia kwenye unga. Kijiko asubuhi kijiko usiku, rangi ya kahawia, unanukia mdalasini na kitu chengine sikukitambua, na muuzaji akanambia vidonge niache kabisa visije vikagongana. Siku ya tano nakwenda msikitini bila ya bakora! Nikamsifia yule bwana kila mahala mpaka shemegi yangu akaninunulia chupa 2 nyengine. Baada ya miezi 3 nikapima yuriki, 9.8.

Hili ndo nataka watu walifahamu khasa. Gauti ikikushika huondoka wenyewe baada ya wiki moja au mbili hata ukinywa maji matupu, kwa hiyo chochote utakachokunywa siku ya tatu utakiona ndo kilichokuponesha. Maumivu yakipoa siyo kama yuriki imeshuka, yuriki haisikiki mwilini, inajulikana kwa kipimo cha damu tu, na ikikaa juu miaka inaweza kula viungo na kuweka mawe kwenye figo. Na kuacha nyama na dagaa pekee hakutoshi maana yuriki nyingi mwili unaitengeneza wenyewe.

Miti shamba siipingi, bibi yangu kanilea kwa mwarobaini na mchaichai. Hata kolkisini, kile kidonge cha kutuliza gauti, asili yake ni mmea wa Ulaya uliotumika kwa maradhi ya viungo tangu zama za kale, ila mmea wenyewe ni sumu ukizidisha unaua, ndo maana kidonge kimepimwa nusu miligramu. Sasa kijiko cha unga kina kiasi gani cha nini?

Jirani yangu nae kaambiwa anywe juisi ya birimbi glasi nzima tumbo tupu, ati ukali wake unaikata yuriki. Birimbi kwenye achari haina neno, tumeila tangu tuzaliwe, lakini juisi yake kwa wingi ina oksaleti nyingi mno, kitu kinachoganda kwenye figo, kule Kerala India watu wameinywa kwa ajili ya kolesteroli wakaishia figo kufeli, na mwenye yuriki mara nyingi figo zake tayari hazitoi taka vizuri. Nimemwendea mwenyewe nyumbani nimemuomba aache.

Na unga unaotuliza maumivu haraka hivyo mie unanitia wasiwasi. Nchi nyingi zimeshakamata dawa za "asili" za viungo zikakutwa zimetiwa diklofenaki au deksamethazoni, dawa za spitali za kutuliza maumivu na uvimbe, bila kuandikwa popote, na diklofenaki ukiila siku nyingi inaweza kuharibu figo, deksamethazoni inaweza kupandisha sukari na presha, na wazee wetu wa gauti wengi wao wana presha na sukari hizo hizo. Nawaomba Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar wapite soko la Darajani Unguja, wapite vituo vya gari Chake, Wete na Mkoani, wazichukue hizi chupa wazipime watutangazie kilichomo. Waganga wetu wa kweli hawatoogopa. Na madaktari wetu nao, tafadhali, dakika mbili tu za kumueleza mgonjwa kwamba maumivu yanaweza kurudi mwanzoni na asiache dawa.

Mie nimerudi kwenye vidonge, daktari kanipandisha kidogo kidogo mpaka 300, kipimo cha mwisho 5.6. Chupa moja ya unga ninayo bado kabatini imebaki nusu, mtu wa maabara akiitaka ataikuta.

Msomaji wako,
Wete, Pemba